Inawaka kwa Jirani, kwa Mwenyewe Inagoma

Mwezi huu sitaongelea simu, wala mawifi, wala hela ya matumizi. Nataka tuongelee kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya ndoa lakini kimeharibu asubuhi za watu wengi: chombo cha moto kisichotaka kuwaka. Iwe pikipiki, jenereta ya saluni, au mashine ya kukata nyasi ya wale waliojaliwa bustani, injini hizi ndogo za petroli ni ndugu wa tumbo moja, na zinagoma kwa sababu zilezile. Dada yangu, usifunue ukurasa ukidhani haya ni mambo ya wanaume. Wewe ndiye ninayekuandikia zaidi.

Kisa chenyewe ni cha shoga yangu niliyesoma naye chuo. Amenipa ruhusa nikieleze, mradi nisitaje jina lake wala la shule. Ni mwalimu Itumba. Kwa wasiopajua, Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukitoka Tunduma unapita Mpemba, hapo unaingia barabara ya kwenda Isongole mpakani, kama kilomita 50 hivi, siku hizi ni lami. Ng'ambo ya Isongole ni Malawi, upande wa Chitipa. Milima kila unapogeuka, kahawa, migomba, na baridi ya Juni na Julai ambayo mtu wa Dar anaweza kulia machozi.

Shoga yangu shule yake iko mbali na alikopanga, njia ya vumbi kiangazi na tope masika. Mumewe anafanya kazi Tunduma kwa wakala wa forodha, anarudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Walipooana walichanga wakanunua pikipiki, zile za sisi 125 za Kichina ambazo zimejaa nchi nzima. Bwana akamfundisha mkewe, bibie akaiva, mambo yakawa safi kabisa. Daftari la mahudhurio linafungwa saa moja asubuhi, yeye saa moja kasoro kumi yuko ofisini anapanga madaftari.

Halafu pikipiki ikaanza vituko. Asubuhi anabonyeza stata, inanung'unika tu. Anapiga kiki ishirini, thelathini, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mwishowe kijana wa bodaboda aliyepanga nyumba ya pili anatoka na mswaki mdomoni, anapiga kiki tatu, inawaka. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ukawa utaratibu: saa kumi na mbili na nusu, kijana yuko uani.

Na wewe unayajua maneno ya mji mdogo. Ijumaa moja bwana akashukia stendi, mtu akamwambia kwa utani, "Kaka, siku hizi pikipiki yako ina dereva mwingine." Utani gani huo! Kilichomchoma zaidi ni kwamba Jumamosi yeye mwenyewe alipiga kiki mchana, jua likiwa limepanda, ikawaka mara ya tatu. Kwa hesabu zake mwanamume yule, pikipiki ilikuwa nzima na mkewe alikuwa anatafuta sababu. Akatangaza kwamba anaiuza. Bibie naye hakunyamaza. Tayari alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza kwa kuchelewa, na bila pikipiki ile angetembea saa nzima na robo kwenda na nyingine kurudi.

Nilifika kwao wikiendi ya mwisho wa Juni. Walikuwa hawasemeshani. Kila mmoja anaongea na mimi, "shemeji mwambie", "dada mwulize". Mimi nimesomea mawasiliano, siyo makanika, lakini kazi yangu ni kuuliza, nikaomba jambo moja tu: kabla ya kuuza chochote na kabla ya kumwita mshenga, tumwite fundi. Siyo yule aliyeifanyia sevisi mara ya mwisho. Tukampata mzee mmoja wa pale pale ambaye zamani alikuwa fundi wa magari ya serikali, amestaafu, anatengeneza kwa mapenzi. Haya ninayoyaeleza mengi nimeyachukua kwake.

Mzee alianza kwa kukataa kushika spana. Alisema apewe kwanza habari ya mgonjwa. Inagoma wakati gani, ikiwa ya baridi au ya moto? Mvua inanyesha? Mafuta mnanunua wapi? Nani aliigusa mara ya mwisho na aligusa nini? Nikawaza moyoni, laiti wanandoa nao wangeulizana hivi kabla ya kufoka.

Baadaye akatueleza kwamba injini ya petroli inataka vitu vitatu tu: mchanganyiko sahihi wa mafuta na hewa, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo, yaani pistoni ikipanda iibane hewa ile isipate pa kutokea. Vitatu vikiwepo itawaka hata ukiitukana. Kimoja kikikosekana haitawaka hata ukiiombea. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha vifaa ovyo. Tafuta ni kipi kati ya vitatu kinachokosekana, na anza na visivyokugharimu hata senti.

Visivyogharimu ni vipi? Koki ya mafuta imefunguliwa? Swichi nyekundu ya kuzimia injini haijasukumwa upande wa kuzima? Utacheka, lakini mafundi wanalipwa kila siku kwa kurudisha ile swichi. Pikipiki nyingine hazikubali stata mpaka gia iwe huru au klachi ibanwe, na baadhi zinakataa ukiwa umeshusha stendi ya pembeni. Mashine za kukata nyasi zile kubwa za kukalia ndiyo zaidi: zina swichi chini ya kiti, na kama hujakalia kiti na kukanyaga breki, injini haijibu kitu. Mtu anaweza kusimama pembeni akazungusha ufunguo mpaka jioni, kumbe mashine inamsubiri akae.

Baada ya hapo ni choki. Hapa bwana aliinama kidogo, maana yeye alijifunzia pikipiki Dar es Salaam, ambako choki ni kama pambo. Petroli haiungui ikiwa majimaji, inaungua ikiwa mvuke, na kwenye baridi mvuke ni mchache. Choki inapunguza hewa ili mafuta yanayoingia yazidi kidogo, angalau mvuke utoshe kushika moto. Itumba saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Juni, bila choki unajitafutia lawama. Ikishawaka, iache ipate joto dakika moja au mbili, kisha rudisha, kwa sababu ukitembea na choki plagi itajaa masizi na kesho itagoma kwa ugonjwa mwingine. Kijana wa bodaboda alikuwa anavuta choki kila siku. Bibie hakuwahi kuelezwa kuwa ile wenzo ndogo kwenye kabureta ina kazi.

Kwa hiyo siri ya jirani sehemu yake ilikuwa ni hiyo. Lakini mzee alisema choki peke yake haielezi kiki thelathini. Tukaendelea.

Akageukia mafuta. Mzunguko ule mafuta mengi yananunuliwa kwenye chupa za maji, lita moja moja, mbele ya duka. Sina ugomvi na wauzaji, ndio wanaookoa watu vijijini. Ila petroli inayokaa juani kwenye chupa inapoteza ile sehemu yake nyepesi inayowaka haraka, na hiyo ndiyo unayoihitaji asubuhi ya baridi. Ikikaa mwezi au miwili kwenye tangi bila kutumika ni vilevile. Wenye jenereta na mashine za nyasi wanalijua hilo vizuri, wanaiweka stoo msimu mzima wakiitoa haiwaki. Halafu kuna maji. Mzee alilegeza skrubu ndogo chini ya bakuli la kabureta, akakinga kwenye glasi. Ukiangalia kwenye mwanga unayaona: maji yanakaa chini kama shanga, petroli inaelea juu. Tuliona shanga mbili tatu, siyo nyingi. Tafadhali, kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, na glasi ile isirudi kabatini.

Kuhusu kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli au dizeli, wengi wetu tunakumbuka enzi za uchakachuaji, mpaka neno likaingia kwenye siasa. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tofauti ya bei isiwatamanishe watu. Petroli yenye mafuta ya taa inaweza kuendesha injini iliyokwisha pata moto, lakini kuiwasha ya baridi ni shughuli pevu, na eksozi inatoa moshi wenye harufu ya kibatari. Ya shoga yangu haikuwa na harufu hiyo.

Ikafuata plagi, na hapa naomba kila mwanandoa mwenye pikipiki anisikilize. Spana ya plagi haina bei ya kutisha, na plagi ni barua kutoka ndani ya injini. Ukiitoa ukakuta rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, mambo mazuri. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi au chujio la hewa limeziba. Njia za vumbi kama zile, chujio lioshwe au libadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Imelowa petroli, basi mafuta yanafika ila hayaungui, au umepiga kiki nyingi na choki mpaka injini imezidiwa. Hapo rudisha choki, vuta akselereta mpaka mwisho, piga kiki kadhaa ipumue. Kavu kabisa baada ya kiki kumi, mafuta hayafiki, angalia koki na kabureta. Ina oili, jiandae kisaikolojia, huenda ringi au mpira wa valvu umechoka.

Ya kwetu ilikuwa imelowa kidogo. Mzee akairudisha kwenye kofia yake, akagusisha chuma cha plagi kwenye injini, mbali na tundu ilikotoka maana pale panatoka mvuke wa petroli, akamwambia bibie apige kiki. Cheche ya bluu, tena yenye sauti. Akapima nafasi ya ncha zake, kama milimita 0.7 hivi, sawa. Kwa hiyo mafuta yapo, cheche ipo.

Betri ilikuwa na unga mweupe kwenye vichwa vyake, ndiyo maana stata ilikuwa inanung'unika. Maji ya moto, brashi kuukuu ya meno, kukaza nati, grisi kidogo juu. Bure kabisa. Lakini hata betri ikifa, pikipiki nyingi za aina ile zinawaka kwa kiki, kwa hiyo bado jibu lilikuwa halijapatikana.

Kikabaki cha tatu, mgandamizo. Mzee alimwambia bibie akanyage kiki taratibu, kwa mkono hata, asikilize. Injini nzima inakukatalia mahali fulani, unahisi ukuta, kisha unapita. Hii ilikuwa inashuka laini kama unakanyaga godoro. Mzee akatabasamu, akarudia lile swali lake la kwanza: nani aliigusa mara ya mwisho, na aligusa nini?

Kimya… Halafu bwana akasema, "Mzee, mimi niliipeleka kwa fundi Tunduma. Ilikuwa inapiga kelele juu kama cherehani. Akaikaza tapeti, kelele ikaisha."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo ndoa ile ilipokuwa imegongana. Acha nieleze, kwa sababu najua pikipiki yako nayo iko njiani kwenda kukazwa. Juu ya injini kuna valvu mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Kati ya valvu na kile kinachoisukuma lazima ibaki nafasi ndogo sana, kwa pikipiki nyingi za sisi 125 haifiki hata milimita 0.1, na inapimwa kwa kibati chembamba kinachoitwa fila geji, injini ikiwa imepoa usiku kucha na pistoni iko juu kabisa kwenye zamu ya kubana. Nafasi ile ndiyo inayoleta ule mlio wa tik tik kama cherehani. Mlio mdogo ni afya. Mteja hataki kusikia mlio, fundi anataka mteja afurahi, anakaza kwa sikio bila kipimo, nafasi inakwisha. Valvu sasa haifungi sawasawa, inabaki wazi kwa unywele mmoja, na pistoni ikipanda hewa inatorokea hapo. Na hata ukiiacha bila kukaza, miezi ikipita valvu inajichimbia kwenye kiti chake na nafasi inapungua yenyewe, polepole, kimya kimya. Kelele inapungua, mwenye chombo anafurahi, na kumbe ndio ugonjwa unaingia. Mwishowe valvu inaungua, na hapo siyo suala la fila geji tena.

Je, mbona kwa jirani ilikuwa inawaka? Kwa sababu hewa inayovuja inahitaji muda wa kuvuja. Ukiizungusha injini kwa kasi, pistoni inafika juu kabla hewa yote haijatoroka, kinabaki cha kutosha kushika cheche. Kijana yule ana kilo zaidi ya themanini, anasimama juu ya kiki na uzito wote, choki kaivuta. Shoga yangu ni mwembamba, anapiga kwa paja lake akiwa amekaa. Na kwa mumewe mchana iliwaka kwa sababu jua lilikuwa limeshafanya kazi ya choki. Hakuna mapenzi humo ndani, ni fizikia ya kidato cha pili!

Mzee alilegeza, akapima, akakaza nati, akarudia kupima. Nusu saa. Akachukua hela kidogo kuliko aliyolipwa yule wa kukaza. Kisha akamfundisha bibie namna ya kupiga: panda wima, shusha kiki taratibu mpaka ukute ukuta, pita kidogo, irudishe juu, ndipo ushuke nayo mpaka chini kwa uzito wa mwili, siyo kwa nguvu za mguu. Kiki ya pili ikawaka. Mlio wa cherehani ukarudi, na safari hii bwana hakulalamika.

Sasa wapo mtakaosema nimemtetea mwanamke mwenzangu. Sikiliza. Simlaumu bwana kwa kuumia. Mtu anayelala peke yake Tunduma siku nne kwa wiki ana haki ya kuuliza. Ninachokikataa ni kumnyima mkeo ujuzi kisha kumhoji kwa nini anasaidiwa na mwingine. Alimfundisha kuendesha, hakumfundisha kuwasha kukiwa na baridi, hakumwonyesha plagi iko wapi, na chombo kilipoguswa gereji hakumwambia kilifanywa nini. Nimewaona wanaume wengi wa hivyo, wastaarabu kabisa, wananunua chombo kwa jina la familia lakini maarifa yake wanayaweka mfukoni. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, wanawake wengi walipata kuendesha bila kumsubiri mwanamume wa kuzungusha hendeli. Ni zaidi ya karne sasa, na Itumba bado kuna mwalimu anamsubiri mtu mwenye mswaki.

Bibie naye nilimpa lake, tukiwa wawili jikoni. Wiki mbili nzima anasaidiwa uani na hakumpigia mumewe simu hata mara moja kumwambia pikipiki inasumbua. Alisema hakutaka kumsumbua na hela ya fundi. Nia nzuri, lakini bwana alikuja kuipata habari stendi kutoka kwa mtu mwingine, na habari ya stendi haina adabu.

Pikipiki haikuuzwa. Kuna daftari sasa linaning'inia mlangoni, linaandikwa tarehe ya oili, tarehe ya plagi, tarehe tapeti ilipopimwa na kwa kipimo gani, na anayeipeleka kwa fundi ndiye anayeandika. Shule zilipofungwa alifunga koki ya mafuta, akaiacha injini iungurume mpaka ikajizima yenyewe kwa kumaliza petroli ya kwenye kabureta, akaichomoa betri, akaifunika turubai. Siku ya kufungua shule alirudisha betri, akaweka petroli mpya ya sheli, akavuta choki, kiki ya tatu. Akanitumia ujumbe saa kumi na mbili na dakika arobaini: "Shosti imewaka. Jirani bado kalala."